Nani Alipaswa Kuijua Homa ya Mbekenyera?

Mwanzoni mwa Julai 2022, wagonjwa wawili walifika kwenye kituo cha kutolea huduma za afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, mwili kuchoka kupita kiasi, na damu inayotoka puani. Taarifa ikapanda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi, kutoka kwake ikafika wizarani. Kabla mwezi haujafika katikati, hesabu ilikuwa wagonjwa 13, na watatu kati yao wameshafariki. Sampuli zikapimwa Ebola: hamna. Marburg: hamna. UVIKO-19: hamna. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilizungumzia "ugonjwa usiojulikana" wa Lindi. Tarehe 18 Julai, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, akatangaza jina: leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20, vifo vikabaki 3.

Mimi si daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilirudia neno moja katika mkasa huu: usiojulikana. Usiojulikana na nani?

Maana ugonjwa wenyewe si mpya. Adolf Weil, daktari wa Heidelberg, aliueleza mwaka 1886. Watafiti wa Kijapani, Inada na Ido, walimkamata bakteria wake mwaka 1915. Huishi katika figo za panya, mifugo na mbwa, hutoka na mkojo wao, hukaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, kisha huingia mwilini mwa mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua au mdomo. Ni ugonjwa wa mtu anayelima pekupeku. Hata jina lake la Kiswahili linasema hivyo, kwa kuwa mgunda, kwa Wayao na kwa wengine wa kusini, ni shamba. Tena unatibika. Ukiwahiwa, penisilini au doksisaiklini hutosha kwa wagonjwa wengi, na hizo ni dawa za zamani, za bei nafuu, zisizo ngeni kwenye makabati ya vituo vyetu.

Basi dunia iliijua homa hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na dawa zake zilikuwepo nchini. Kilichokosekana Mbekenyera ni mtu wa kusimama kati ya mgonjwa na kabati akasema, "Huenda ni hii." Nilipofika hapo, swali likaacha kuwa la kitabibu na kuwa la kimaadili. Katika nchi yenye madaktari wachache, elimu adimu ipewe nani, ikae wapi, na aliyeipata anadaiwa nini na wale ambao hawakuipata?

Swali hili limenijia kwa njia ya mtu. Rafiki yangu wa tangu sekondari ni daktari katika hospitali moja ya wilaya huku kusini. Ameitiwa nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, na nia yake ni kuendelea mpaka ubobezi wa magonjwa ya kuambukiza. Hesabu yake si ndogo. Alishasoma udaktari miaka mitano, akafanya utarajali mwaka mmoja. Ubingwa ni miaka mitatu hadi minne, ubobezi kwa kawaida miwili. Kwa hiyo anaondoka akiwa kijana, anarudi akiwa mtu mzima, kama atarudi. Aliponipigia simu hakuniuliza kama atafaulu. Aliniuliza, "We mwanafalsafa, niambie. Hapa tupo wawili tunaoweza kumpasua mama mjamzito usiku. Nikiondoka anabaki mmoja, na huyo mmoja naye hulala, huugua, husafiri. Ni halali kweli niende?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba ni halali. Nikagundua kwamba sababu zote nilizokuwa nazo mdomoni zilikuwa za kumfurahisha yeye. Nikamwomba muda.

Upande wa kwenda una hoja yenye nguvu, na nguvu yake naijua kwa takwimu na kwa msiba. Kwa takwimu: mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528. Maabara ilipochunguza kwa kina, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, wengine fangasi, wengine magonjwa yatokayo kwa wanyama, homa ya mgunda ikiwemo. Na hapo ni Moshi, mji wenye hospitali ya rufaa ya kanda. Daktari hakuwa mzembe. Alifundishwa katika nchi ambamo homa na malaria yalikuwa karibu neno moja, na akili huona kile ilichozoezwa kukiona.

Kwa msiba: mjomba wangu alilima mpunga bondeni maisha yake yote. Mwaka mmoja, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, aliugua homa siku sita, macho yakawa ya njano, akapewa dawa mseto, akafariki. Kwenye karatasi pameandikwa malaria. Sisemi kwamba alikufa kwa homa ya mgunda. Hakuna aliyebaki na kitu cha kupima. Ninachosema ni kwamba bibi yangu alimzika mwanawe bila kuambiwa kweli ni nini kilichomuua, na watu wa bondeni wakaendelea kuingia kwenye maji yaleyale kesho yake. Kifo kisicho na jina hakimfundishi mtu yeyote. Hapo ndipo ninapoona kwamba ujinga wa homa si pengo la kitaaluma pekee. Ni aina ya dhuluma, hata pale ambapo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Kwa hiyo tunawahitaji hao wabobezi. Rafiki yangu aende, asome, arudi. Lakini neno "arudi" ndilo linaloleta ugomvi wa zamani.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano aliopenda kuwaambia wasomi. Kijiji kina njaa. Kilichobaki ghalani ni kidogo sana. Wanakijiji wanamkusanyia kijana mmoja hicho kidogo chote, ale apate nguvu, aende mbali akalete chakula. Kijana akila akaenda zake, ni msaliti. Mfano huu haukubaki maneno matupu. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha nyumbani kwa mamia. Watu wengi wa rika langu wanakumbuka sehemu hiyo na kusahau nyingine, kwamba hasira yake dhidi ya mishahara ya wakubwa ilianzia kwake mwenyewe, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Nimeutafakari mfano ule nikijaribu kuuweka Ruangwa, na naona unabeba kweli kubwa lakini unalegea sehemu tatu.

Kwanza, unachukulia kwamba kijiji kilikaa, kikakubaliana, kikamtuma. Mkulima wa ufuta na korosho wa Mbekenyera hajaulizwa na mtu kama anataka kodi yake isomeshe mbobezi wa homa au ijenge wodi ya wazazi. Deni ambalo mdai hakushirikishwa kulitoa bado ni deni, tena pengine ni zito zaidi, kwa sababu hawezi kulidai. Ila basi halidaiwi kwa kijana peke yake. Linadaiwa pia kwa aliyegawa chakula kwa niaba ya kijiji, yaani serikali.

Pili, mfano unafanya elimu kuwa gunia. Ukileta gunia moja, likaliwa, limekwisha. Na ukibaki nalo mjini, kijiji kimelikosa lote. Elimu haiko hivyo. Mbobezi mmoja aliyekaa Dar es Salaam anaweza kuwa na manufaa zaidi kwa Mbekenyera kuliko aliyepangiwa wilayani bila maabara, bila kipimo, bila mwenzake wa kujadiliana naye. Huyo wa pili atakuwa daktari wa kawaida mwenye cheti kirefu. Tunapodai "arudi kijijini" kwa maana ya mwili wake kuonekana pale, huenda tunadai adhabu tukidhani tunadai haki. Lakini hoja hii ina hila ndani yake, na nimeisikia ikitumiwa na watu ambao hawajawahi kupokea simu kutoka zahanati yoyote. Kama elimu haihitaji mwili ili ifike, basi ni lazima ioneshe kwamba imefika. Kukaa mjini kwa madai ya kuhudumia nchi nzima hakumpunguzii mtu deni. Kunamwongezea mzigo wa ushahidi.

Tatu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, mfano ule unakifanya kijiji kuwa na njaa tu. Hakina chochote cha kumpa kijana isipokuwa chakula cha njia. Historia ya kusini inakataa. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, walipatwa na homa iliyowapinda viungo kwa maumivu. Madaktari wa kikoloni waliandika makala, na mwaka 1955 dunia ikasoma habari za chikungunya. Neno hilo ni la Kimakonde, lina maana ya kitu kinachokunja. Leo madaktari wa India, Brazili na Ufaransa hulitamka kila siku. Aliyeuona ugonjwa kwanza, akatofautisha maumivu yake na ya homa nyingine, akaupa jina linalosema hasa unachofanya mwilini, alikuwa mgonjwa au jirani yake. Jina lake halikuandikwa popote. Kijiji hakikutoa chakula tu. Kilitoa elimu.

Na Mbekenyera ni hivyohivyo. Kabla ya mashine yoyote ya maabara kuwashwa, palikuwa na mtu kituoni aliyemtazama mgonjwa na kuamua kwamba hii si ya kawaida. Angeweza kuandika malaria kwenye rejista ya MTUHA na kuita mgonjwa anayefuata. Foleni ilikuwa inamngoja, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua kushuku, akatoa taarifa. Na walio juu yake, kila mmoja kwa nafasi yake, wakamsadiki. Mnyororo ule wote ungekatika kama mtu mmoja tu angesema, "Hawa wa vituoni wanapenda kukuza mambo."

Kwa hiyo jibu la "usiojulikana na nani" lina ncha mbili. Waliokuwa na jina hawakuwa na mgonjwa. Waliokuwa na mgonjwa hawakuwa na jina. Kinachowaunganisha ni tabia mbili ambazo hazifundishwi sana: mdogo kuthubutu kushuku, na mkubwa kuthubutu kusadiki. Ninaanza kuamini kwamba mbobezi wa magonjwa ya kuambukiza anadaiwa kwanza hii ya pili. Anaposomeshwa kuyajua magonjwa, hana budi kusomeshwa pia kumsikiliza asiyeyajua kwa majina.

Wengine watasema, kama ni hivyo, tuachane na ubobezi, fedha zote ziende kwa matabibu na wauguzi. Kuna ukweli ndani yake. Tangu 2008 Tanzania ina mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani yanayotolewa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambamo mwanafunzi hutumia sehemu kubwa ya muda wake kazini, kwenye milipuko yenyewe. Hayo ni mafunzo yanayomfuata mtu alipo badala ya kumng'oa, na tunayahitaji zaidi. Lakini kushuku kusikokuwa na pa kwenda hufa. Tabibu akisema "hii si malaria", lazima awepo wa kumjibu swali linalofuata: kama si malaria, ni nini kati ya homa ishirini nyingine? Ebola ilipokataa na Marburg ikakataa, ilibidi mtu afikirie leptospira. Na pasipo mtu huyo, kila homa itarushiwa antibayotiki yoyote iliyo karibu, na usugu wa dawa utatulipisha sote, kuanzia na walalahoi ambao hawawezi kununua dawa ya pili pale ya kwanza inaposhindwa.

Nikiwaza kuhusu mtu aliyelipa deni hili, namkumbuka Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alipelekwa Liverpool kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto, akafanya vizuri, akatakiwa abaki afundishe. Akarudi Gulu, kwenye vita. Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisoma shahada nyingine, ya afya ya jamii, aliposikia kwamba wanafunzi wa uuguzi wa Lacor wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu. Akaacha masomo akarudi, akapitia majalada ya wagonjwa, akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha, akatenga wodi. Tarehe 5 Desemba Ebola ikamuua yeye mwenyewe.

Simtaji ili rafiki yangu ajione mdogo. Namtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, elimu yake ya mbali na kuwepo kwake karibu havikugombana. Alijua la kushuku kwa sababu alisoma, na aliambiwa la kushuku kwa sababu watu wa wodini walimjua na waliamini kwamba atapokea simu. Ya pili ni onyo. Jamii inayohitaji watakatifu ili zahanati zake zifanye kazi imeshindwa kupanga. Hatuwezi kuandika kifo kwenye mkataba wa ufadhili. Immanuel Kant alitukataza kumtumia mtu kama chombo tu, na daktari naye ni mtu. Ana wazazi wanaozeeka, ana mtoto anayehitaji shule, ana haki ya kuchoka. Ukimfunga miaka kadhaa kwenye kituo kisicho na maji wala nyumba ya mtumishi kisha ukamwita msaliti akiondoka, wewe ndiye uliyekula chakula cha kijiji.

Nilimpigia rafiki yangu wiki tatu baadaye. Nilimwambia: nenda. Ila usilihesabu deni lako kwa miaka utakayokaa wilayani. Hesabu hiyo ni rahisi kuitimiza ukiwa umelala. Lihesabu kwa simu. Siku utakapokuwa mbobezi, tabibu wa zahanati asiyekujua akikupigia saa tano usiku akasema, "Daktari, nina mgonjwa simwelewi," je, utapokea? Utamuuliza maswali kama mwenzako, au kama mwanafunzi aliyefeli? Na ukisharudisha jibu, utarudi kumfundisha namna ya kulipata mwenyewe mara ijayo? Na kabla hujaondoka, dai kwa mwajiri wako, kwa maandishi, kwamba mtu wa kupasua usiku aletwe kwanza. Dai hilo ni la kijiji. Usiwaachie wanakijiji walidai peke yao.

Akanyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. "Na wasipoleta mtu? Yule mama atakayefika usiku, akakuta mwenzangu amesafiri, yeye nimlipe vipi?"

Nimelifikiria tangu siku ile. Ningeweza kumpa hesabu: wagonjwa wangapi wa homa wataokolewa kwa miaka thelathini ya kazi yake, dhidi ya wale watakaokosa mkono wake kwa miaka sita. Hesabu huenda ikamwambia aende. Lakini yule mama hatalipwa na hesabu hiyo. Faida itawafikia watu wengine, mahali pengine, mwaka mwingine. Madeni mengi hulipwa kwa mtu mwingine kuliko yule aliyekopesha, nasi tumezoea kuita hilo maendeleo. Nadhani inaruhusiwa kulifanya, na wakati mwingine ni wajibu kulifanya, ilimradi tusiseme kwamba yule mama hatumdai wala hatudai. Tunadaiwa naye. Anayeondoka aondoke akijua hivyo, na anayemtuma ajue zaidi.

Fomu zake zinafungwa mwisho wa mwezi. Jana alinitumia picha ya barua aliyomwandikia mwajiri wake kuomba mrithi wa zamu ya usiku, ikiwa na muhuri wa mapokezi. Bado hajajibiwa.